Tulivua sare tukiwa wembamba. Kitambi hiki kimetoka wapi, na nani anatupima sasa?

#1 Kuruta wa 89

Wadau, salaam.

Nilistaafu jeshi 2013. Siku ninarudisha sare nilikuwa na kilo 71, urefu wangu mita 1.72. Wiki iliyopita nimepanda mizani ya nesi mmoja hapa Bombo: kilo 101. Kiuno sentimita 116. Presha 158 kwa 96. Nesi akaniuliza, "Mzee, mara ya mwisho ulipimwa lini?" Nikakosa jibu la kumpa, maana mara ya mwisho ilikuwa siku ile ya kuondoka.

Hoja yangu ni hii. Jeshini kila kitu kilikuwa na msimamizi wake. Kuamka kuna filimbi, kukimbia kuna afande nyuma yako, hata posho, yaani ugali, kwenye sahani kuna mtu wa kuipakua. Tulipotoka tukapewa kiinua mgongo na karatasi, tukaambiwa kwaheri. Mwili ulibaki na njaa ya mtu anayekimbia kilomita kumi kabla ya chai, kumbe mwenyewe nakaa dukani kutwa nzima. Mwaka huu nimezika wenzangu wawili wa kikosi kimoja, wote kiharusi. Mmoja tulilala naye handaki moja.

Mnadhani kitambi cha mstaafu kinatoka wapi? Na kuna mahali hapa Uganda maveterani wameanza kupimana na kutembea pamoja? Nataka tuanze Bombo, ila sitaki tuanze kwa kubahatisha.

#2 Mlinzi wa Usiku

Kilo 97. Nimekaa hapa nasoma. Endelea afande.

#3 Binti Bombo

Pole kwa msiba, mzee. Mimi baba yangu alikuwa jeshini miaka 22 na naona sababu ni nyingine kabisa: mnakula mbio.

Baba akiwekewa sahani, mkono wa kushoto unaizunguka kama mtu atakuja kuinyakua. Anainama, kijiko hakipumziki, mimi sijamaliza kunawa yeye ameshamaliza na ananyoosha sahani kwa mama aongezewe. Nimewahi kumhesabia kwa simu: dakika nne. Posho, maharage, nusu ya samaki. Tumbo halijapata hata nafasi ya kumwambia kwamba limeshiba. Mama naye anaongeza kwa sababu kwake mume anayeomba tena ni mume anayemsifu mpishi.

Nilimuuliza siku moja, akasema kwenye mafunzo walikuwa wakipulizwa filimbi na ambaye hajamaliza anamwaga. Zaidi ya miaka thelathini imepita na bado anaisubiri ile filimbi.

#4 Mkulima Nakaseke

Afande wa #1, nakuheshimu, lakini usiseme "maveterani" kama wote tuko sawa. Sisi tuliopunguzwa kati ya 1992 na 1995 tulikuwa maelfu kwa maelfu, zaidi ya 30,000, tukapewa mabati, mbegu, majembe na fedha kidogo. Mimi nililima lile shamba tangu hapo. Nina kilo 63. Kijijini kwetu veterani mwenye kitambi ni yule mwenye duka au gari. Wengine tunatafuta hicho chakula cha kutunenepesha.

Kwa hiyo mimi nasema sababu ni kiti. Aliyestaafu akakalia kiti amenenepa, aliyeshika jembe hakunenepa. Ya kula mbio na mengine ni nyongeza tu.

#5 Kuruta wa 89

@Mkulima, nimekuelewa na umenisahihisha vizuri. Mimi nina duka kweli.

@Binti Bombo, hiyo ya mkono kuzunguka sahani imenichoma. Nimekula mchana leo nikajiangalia. Mkono ulikuwa palepale.

#6 Nesi wa Arua

Naomba niweke hesabu sawa kabla hatujafika mbali, kwa sababu naona watu wataanza kutaja namba ovyo.

Chukua uzito kwa kilo, gawanya kwa urefu mara urefu. Afande wa #1: 101 gawanya kwa 1.72 mara 1.72, unapata 34. Alipotoka jeshini alikuwa 24. Kuanzia 25 uzito umezidi, kuanzia 30 tunaita unene uliokithiri. Kiuno cha mwanaume kikifika sentimita 94 hatari imeanza, kikipita 102 hatari ni kubwa. Kwa watu wa umri wenu napenda kiuno kuliko mizani, kwa sababu misuli inapungua na umri huku mafuta yanakaa tumboni. Unaweza kukuta mtu ana kilo zilezile za miaka kumi iliyopita na kiuno kimeongezeka sentimita kumi na mbili.

Na presha msiichukulie kama ugonjwa wa matajiri wa Kampala. Utafiti wa kitaifa wa 2014 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne hapa nchini ana presha ya juu, na wengi wao hawakujua. Mkulima wa kilo 63, nawe kapime.

#7 Kijana wa Jinja

Wakuu, Marekani hili wameshalishughulikia. Idara yao ya maveterani ina programu inaitwa MOVE!, imeanza 2010 hivi, mnakutana mnafundishwa kula na mazoezi. Walijaribu kwa watu 3,000 wakapunguza kisukari kwa asilimia 58. Tunaweza kunakili tu.

#8 Mdau wa Takwimu

Kijana umechanganya mambo mawili. MOVE! ilienea nchi nzima kule 2006, si 2010. Ni vikao vya kikundi, kawaida 16, pamoja na kufuatiliwa kwa simu, na inatolewa bure kupitia hospitali na kliniki za maveterani wao.

Ile ya asilimia 58 ni utafiti mwingine kabisa wa kuzuia kisukari, matokeo yake yalitoka 2002. Walikuwa watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda, si maveterani. Waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki ndio waliopata kinga ya asilimia 58. Waliopewa vidonge vya metformini walipata 31.

Kuhusu MOVE! yenyewe, wengi hupungua kilo chache tu kwa wastani. Wanaohudhuria vikao vingi ndio wanaopungua zaidi, na kule kuwaleta watu kikaoni na kuwafanya warudi tena ndiko kunakosumbua. Sisi hatuna hospitali za maveterani kila wilaya za kutubeba, kwa hiyo swali la nani atawarudisha watu wiki ya tano ndilo la kujibu kwanza.

#9 Kijana wa Jinja

Asante kwa kusahihisha. Hata hivyo asilimia 7 ya kilo 101 ni kilo 7 tu. Si kazi ya kutisha hiyo.

#10 Mama wa Masaka

Mnaongea chakula na viti, hamjagusa jambo lenyewe. Mimi ni mjane wa askari na naandika hili kwa moyo mzito.

Sisi wa Masaka na Rakai ugonjwa ule wa Ukimwi tulioupa jina kwa Kiingereza la wembamba, tukauita silimu, tuliuona mapema kuliko wengine. Mtu alikuwa akianza kupungua mashavu, jirani wanaanza kuhesabu siku. Na jeshi lilikuwa katikati ya jambo hilo. Rais Museveni mwenyewe amesimulia: 1986 askari 60 walipelekwa Cuba kwa mafunzo, wakapimwa huko, 18 wakakutwa na virusi, na Castro ndiye aliyemwambia walipokutana Harare. Wenzangu wa umri wangu wanajua ilikuwaje kambini baada ya hapo.

Sasa mwambie mwanaume aliyeishi miaka ile kwamba apungue kilo saba. Mume wangu hakukubali mpaka anaingia kaburini. Alikuwa akisema, "Nikikonda, nani atanikopesha? Nani atamwoa binti yangu?" Kitambi kilikuwa cheti chake cha uzima. Mkitaka kikundi chenu kidumu, anzeni na hofu hiyo. Msipoigusa, watu watakuja mara mbili wakimbie.

#11 Mlinzi wa Usiku

Mama, nimesoma hii mara tatu.

#12 Kuruta wa 89

Mama wa Masaka, asante. Sikuwahi kuliunganisha na hili. Dada yangu kila akija kutoka Masaka jambo la kwanza ananishika mkono juu ya kiwiko kuangalia kama nyama ipo.

#13 Mzee Koboko

Vijana, mimi nilikuwa jeshi la zamani, lile la Idi Amin lililoanguka Aprili 1979. Tulikwenda uhamishoni kwa miguu, tukarudi kwa miguu. Wengi wetu hatukupata kitambi wala kiinua mgongo. Ninachokiona kwenu ni pombe. Mstaafu anapata fedha zake, saa nne asubuhi ameshakaa kwenye chungu cha malwa na mrija mdomoni, muchomo, yaani nyama choma, pembeni. Gramu moja ya kilevi ina kalori 7, mjukuu wangu muuguzi ndiye aliyenieleza. Hata ile waragi ya pakiti ilipopigwa marufuku 2019 watu walihamia kwenye chupa.

#14 Mkulima Nakaseke

Mzee Koboko, shikamoo. Lakini Hajji wangu jirani hajawahi kuonja pombe maishani na ana kiuno kama pipa. Kwa hiyo?

#15 Mzee Koboko

Marahaba. Hajji wako anakunywa chai yenye vijiko vinne vya sukari. Kamuulize.

#16 Mkulima Nakaseke

Nimemuuliza. Vitano.

#17 Mdau Mwanza

Habari za huko. Mimi Mtanzania, niliyepita JKT. Kwa nini msirudishe mchakamchaka tu asubuhi? Huku hata shuleni tulikimbia mchakamchaka tukiimba.

#18 Kijana wa Jinja

Mkuu wa Mwanza, huku neno hilo lina maana nyingine. Ukisema mchakamchaka Uganda mtu anafikiria mafunzo ya siasa na kushika bunduki kijijini. Ukitangaza mchakamchaka Jumapili hapa Bombo nusu ya mji itauliza ni chama gani kimekuja.

#19 Mdau Mwanza

Duh. Basi iteni matembezi.

#20 Mguu Mmoja

Naomba nafasi. Nilikanyaga bomu la ardhini kaskazini, mguu wa kulia ukakatwa chini ya goti. Nilipita kituo cha Mubende kwa majeruhi wa jeshi, sasa naishi Wobulenzi. Kilo 92.

Nesi wa Arua, hesabu yako ya #6 kwangu inadanganya. Nimepungukiwa mguu, kwa hiyo uzito unaosomeka ni mdogo kuliko unene wangu wa kweli. Nikivaa mguu wa bandia mizani inaongeza, nikiuvua lazima nishike ukuta. Na hatari yangu ni nyingine: nikinenepa, kisiki kinavimba hakiingii kwenye soketi ya mguu wa bandia. Nikikonda kinalegea, ngozi inachubuka, nakaa wiki mbili bila kutembea, nanenepa tena. Kila mwaka nazunguka hapohapo.

Mkianzisha matembezi ya haraka mtaniacha mlangoni. Nilishaachwa mara moja. Kikundi kimoja kilinialika, wakaondoka kwa mwendo wao, nikawakuta wanarudi.

#21 Nesi wa Arua

@Mguu Mmoja, uko sahihi na nimekosea kutolisema. Kwa aliyekatwa kiungo hesabu ile inahitaji kurekebishwa. Kwako pima kiuno, na ukipima uzito pima kila mara vilevile, ama na mguu ama bila, uandike pembeni. Linganisha wewe na wewe. Mazoezi ya kukaa yapo: kunyanyua jerikeni la lita tano kila mkono, kuinuka kitini mara kumi ukishika meza, mkanda wa mpira wa tairi ya ndani kuvuta kifuani. Misuli ya mapaja ikiwa na nguvu hata mguu wa bandia unatulia.

#22 Mlinzi wa Usiku

Sasa niseme langu. Baada ya Mogadishu nilirudi, nikastaafu, nikapata kazi ya ulinzi kwenye ghala Kampala. Saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Ndiyo kazi ya wengi wetu, jamani, mnaipita hapo juu kama haipo.

Usiku saa nane ndipo mambo yanapokuja. Sauti, harufu, wenzangu. Nikila, yanatulia. Kuna mama anauza chapati ng'ambo ya barabara mpaka saa saba, nanunua kwake roleksi mbili, zile chapati zenye mayai ndani, naziweka kwenye kofia ya kazi, nala moja saa nane na nyingine saa tisa. Sina njaa. Asubuhi nyumbani watoto wanapiga kelele, nalala kwa muda wa saa tatu tu. Jioni tena.

Mnapozungumzia dakika 150 za mazoezi mimi nauliza nitalala saa ngapi. Nilikwenda kituo cha afya fulani nikawaeleza usingizi, wakanipa karatasi ya vyakula ya kubandika ukutani.

#23 Binti Bombo

Kaka, pole sana.

#24 Nesi wa Arua

Mlinzi, usingizi mfupi peke yake huongeza hamu ya kula, hasa wanga na mafuta, hilo limepimwa mara nyingi. Na ulichokieleza cha saa nane kina tiba yake, na si ya mizani. Tafuta kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya rufaa iliyo karibu, uende na mtu unayemwamini. Nakuandikia pembeni pia. Usianze na roleksi. Anza na usingizi.

#25 Jina Limehifadhiwa

Nami nafungua hapa kwa sababu Mama wa Masaka amenipa moyo. Niko kwenye dawa za virusi tangu 2006. Nilikuwa kilo 70 miaka mingi. Walipotubadilishia kwenda dolutegravir, miaka miwili nikafika 84. Chakula kilekile, shamba lilelile. Daktari aliniambia nile kidogo. Nikahisi ananiita mwongo.

#26 Mdau wa Takwimu

Ndugu, si uongo. Tafiti za Afrika Kusini na Kameruni zilizotoka 2019 zilionyesha walioanzishiwa dolutegravir waliongezeka uzito kuliko wenzao, hasa wanawake, na dawa iliyochanganywa nayo pia ina mchango. Bado wataalamu wanabishana kiasi gani ni dawa yenyewe na kiasi gani ni mwili kupata nafuu. Ila usiache dawa. Inazuia virusi vizuri sana.

#27 Jina Limehifadhiwa

Kuacha siwezi, nimewaona walioacha. Nilitaka tu mtu aniambie sikuwaza vibaya.

#28 Mkulima Nakaseke

Narudi na neno la vitendo. Kijijini kwetu tuna kikundi cha akiba cha maveterani, shilingi 5,000 kila Jumamosi, sanduku lina kufuli tatu. Mwaka juzi mwenyekiti akasema tuongeze na kupima uzito. Tukatumia mizani ya kununulia kahawa, ile ya jukwaa. Katibu akawa anasoma kwa sauti kama anavyosoma akiba: "Fulani, tisini na nane!" Watu wakacheka. Jumamosi ya tatu wanne hawakuja, na mmoja wao alikuwa bado ana mkopo wetu.

Kosa lilikuwa la kusoma kwa sauti. Akiba ikiwa kubwa unajivunia, kilo zikiwa kubwa unaaibika, sisi tukazisoma sawa. Tulipobadilisha kila mtu akawa na kadi yake, anaingia nyuma ya turubai, anaandika mwenyewe, watatu walirudi.

Mdau wa #8 aliuliza nani atawarudisha watu wiki ya tano. Kwetu ni sanduku. Fedha yako iko humo, lazima uje.

#29 Mama wa Masaka

Hilo la sanduku ni zuri. TASO, shirika la kuwasaidia wenye Ukimwi, ilianza 1987 na watu wachache waliokutana wakati hakuna hata dawa ya kugawa. Walichokuwa nacho ni kikao na mtu wa kukuuliza ulikuwa wapi wiki iliyopita.

#30 Binti Bombo

Na wake zenu waje. Mnapanga chakula na mpishi hayupo. Mama yangu ndiye anayeshika chupa ya mafuta, na hakuna aliyewahi kumweleza chochote.

#31 Kuruta wa 89

Nimewasoma wote. Tunaanza Jumapili, saa moja asubuhi, uwanja wa nyuma ya soko. Barabara kuu ya Gulu tunaiepuka, magari ni mengi. Wenye miguu miwili wanafuata mwendo wa Mguu Mmoja, yeye ndiye wa mbele. Kadi kila mtu na yake. Kiuno kwanza, mizani baadaye. Walio kwenye dawa za kisukari wasije na njaa, Nesi amenionya kwa simu kwamba sukari inaweza kushuka mtu akaanguka njiani. Wake karibu. Akiba shilingi 3,000.

Mlinzi, ukitoka zamu Jumapili pita hata kama ni kukaa tu kwenye kivuli.

#32 Mzee Koboko

Na chai iwe bila sukari.

#33 Kuruta wa 89

*(wiki ya kumi na mbili)*

Narudi na taarifa. Tulianza 14, tukashuka hadi 8, sasa tuko 19, wanawake saba. Mimi kilo 95, kiuno 109. Presha imeshuka, bado nameza dawa. Kama ni mwendo, kula polepole, au mke wangu kupima mafuta kwa kijiko, siwezi kuwaambia. Tulibadilisha yote kwa pamoja.

@Mkulima bado anasema ni kiti. @Binti, nimeanza kula mkono wa kushoto ukiwa chini ya meza, nimeukalia.

Ila nina jambo. Dada yangu alikuja Ijumaa kutoka Masaka. Akanishika mkono kama kawaida. Hakusema neno. Usiku mke wangu akamkuta jikoni analia gizani. Asubuhi akaniuliza kwa sauti ndogo kama nimeanza kumeza dawa, na kama watoto wanajua. Nilimwonyesha kadi. Anaiangalia tu, haamini. Bado yuko hapa. Mama wa Masaka, nimwambieje?

#34 Mama wa Masaka

Usimwambie tena. Mlete Jumapili, akushikie mwenyewe utepe wa kiuno, na awaone wengine 18 wakipungua pamoja nawe. Nikipata nauli nami nitakuja, nikae naye.

#35 Mlinzi wa Usiku

Nauli ya Mama naitoa mimi. Nimehamishwa zamu ya mchana tangu mwezi uliopita.

#36 Mguu Mmoja

Afande, Jumapili tusogeze iwe saa moja na nusu. Soketi mpya inabana, inanichukua muda kuifunga.

#37 Kuruta wa 89

Saa moja na nusu. Tutakusubiri.